Kilichokatwa Pembeni: Hotuba Kuhusu Bango la Che Guevara

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wasanii na wachapaji wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema mbele yenu. Nimeombwa nizungumzie bango moja kati ya yote yaliyotundikwa katika ukumbi huu, nami nimechagua lile ambalo kila mmoja wenu alikwisha kuliona zamani kabla hajaingia humu: sura ya Ernesto Che Guevara, yule daktari wa Argentina aliyepigana katika mapinduzi ya Cuba, bereti yenye nyota kichwani, nywele zikipeperuka, macho yakitazama mbali, juu ya vichwa vyetu sote. Mmeliona nyuma ya daladala, mmeliona kwenye fulana za mitumba, na bila shaka wapo humu ndani waliolivaa wakiwa hawajui hata mwenye sura hiyo alizaliwa nchi gani. Siwalaumu. Bango lenyewe limetengenezwa hivyo, na jinsi lilivyotengenezwa ndiyo habari yangu ya leo.

Dai langu ni hili. Bango hili lilipata nguvu kwa kukatwa. Kila mtu aliyelishika aliondoa kitu, na kila kilipoondolewa kitu likaweza kwenda mbali zaidi. Na mizozo yote inayolizunguka, kuanzia mahakama za London na Paris hadi malalamiko ya Wakuba walioko Miami, ni mizozo ya watu wanaotaka kipande fulani kirudishwe mahali pake. Sisi wa upande huu wa Afrika tuna kipande chetu pia, nacho nitakifikia.

Tuanze Havana. Tarehe 4 Machi 1960, meli ya Kifaransa iliyoitwa La Coubre ililipuka bandarini wakati makuli walipokuwa wakishusha shehena ya silaha na risasi kutoka Ubelgiji. Watu walikimbilia kuokoa, na mlipuko wa pili ukawakuta hapo hapo. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 75 na 100. Fidel Castro aliishutumu Marekani kwa hujuma, Marekani ikakana, na hadi leo kila upande umebaki na msimamo wake. Kesho yake, tarehe 5, umati ulikusanyika katika makutano ya barabara ya 23 na ya 12, karibu na makaburi ya Colón, ambako jukwaa lilikuwa limejengwa ili viongozi wawaage marehemu. Fidel alihutubia kwa muda mrefu, kama kawaida yake, na ndipo liliposikika kwa mara ya kwanza kaulimbiu ile ya “Nchi au Kifo”. Miongoni mwa wageni walikuwepo waandishi wa Kifaransa Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir, na wapiga picha wa magazeti walikuwa na kazi nyingi ya kuwafuata.

Mmoja wa wapiga picha hao alikuwa Alberto Díaz Gutiérrez, aliyejulikana kwa jina la Alberto Korda, ambalo aliliazima kwa ndugu wawili watengeneza filamu wenye asili ya Hungaria kwa sababu, kwa maoni yake, lilisikika vizuri masikioni. Alizaliwa mwaka 1928, sawa na Che. Kabla ya mapinduzi kazi yake ilikuwa picha za mitindo na wanawake warembo, naye hakuwahi kuficha kwamba aliipenda. Kilichombadilisha, kwa maelezo yake mwenyewe, ni msichana mdogo aliyemwona kijijini magharibi mwa Cuba mwaka 1959, amekumbatia kipande cha gogo akikibembeleza kama mwanasesere. Tangu hapo aliipeleka kamera yake kwenye mapinduzi, akalifanyia kazi gazeti la Revolución. Lakini jicho la mitindo halikumtoka, na katika picha tunayoizungumzia linaonekana wazi: Korda alijua uso wa mtu unataka mwanga gani.

Siku ile alikuwa na kamera ya Leica yenye lenzi ya milimita 90, akiipitisha taratibu juu ya nyuso zilizokuwa jukwaani. Che alikuwa amesimama nyuma. Ghafla akasogea hadi ukingoni, akautazama umati. Korda alibonyeza mara mbili tu, na Che akarudi nyuma, hakuonekana tena. Fremu ya pili ilikuwa ya wima, na kichwa cha mtu mwingine kilichomoza juu ya bega la Che, kwa hiyo ikawa haifai. Ile ya kwanza ilikuwa ya mlalo. Upande mmoja wa fremu hiyo majani ya mtende yananing'inia, na upande wa pili anaonekana mwanamume anayetazama pembeni. Huyo ni Jorge Masetti, mwandishi wa habari wa Argentina aliyeliongoza shirika la habari la Prensa Latina tangu lianzishwe.

Basi tazameni. Katikati ya filamu kamili yuko daktari wa miaka 31 aliyevaa koti lililofungwa zipu hadi shingoni, ana huzuni na hasira, yuko kwenye mazishi, pembeni yake ana rafiki na juu yake kuna mti. Ni picha ya tukio, ina mahali na ina siku. Korda alipoingia chumba cha giza aliukata mtende akamkata na Masetti, akabakiza uso, mabega na mbingu tupu. Kwa kisu hicho kimoja mazishi yakatoka kwenye picha. Naomba mlifikirie jambo hilo kwa sababu ninyi mnaosomea kazi hii mtalifanya kila wiki bila kulipa uzito: mtu anayewatazama waombolezaji amekuwa mtu anayetazama kesho, na hakuna hata unywele mmoja wa uso wake uliobadilishwa. Masetti naye, miaka michache baadaye, aliongoza kikundi cha wapiganaji katika misitu ya Salta, kaskazini mwa Argentina, akapotelea humo mwaka 1964 na mwili wake haukuonekana. Mtu aliyekatwa kwenye picha akawa ndiye aliyetangulia kufa kwa ajili ya jambo ambalo picha imekuja kuliwakilisha.

Gazeti halikuitaka picha hiyo. Mhariri alichukua za Fidel na za Sartre, ya Che akairudisha, naye Korda akaitundika kwenye ukuta wa studio yake. Mwaka 1961 ilitumika gazetini kutangaza mhadhara wa Che, pasipo mtu kushtuka. Nawaambia hivi wanafunzi wanaodhani picha kubwa hujitangaza yenyewe: hii ilikaa ukutani kwa miaka saba.

Mwaka 1967 akabisha hodi mchapishaji wa Milano, Giangiacomo Feltrinelli, tajiri wa kuzaliwa na mkomunisti wa kuchagua. Alikuwa anatafuta picha nzuri ya Che. Korda akamwonyesha iliyokuwa ukutani, na kwa kuwa mgeni alikuja na utambulisho wa watu wakubwa wa mapinduzi, alimpa nakala mbili bila kudai hata senti. Miezi michache baadaye, tarehe 9 Oktoba 1967, Che akauawa katika kijiji cha La Higuera nchini Bolivia, naye Feltrinelli akaanza kuchapa mabango kwa maelfu. Jina la Korda halikuwekwa. Hakulipwa kitu, na alipoulizwa uzeeni alisema amekwisha kumsamehe yule Mtaliano, maana bila yeye picha isingejulikana.

Hapa ni lazima niitaje picha nyingine, ile ya maiti. Jeshi la Bolivia liliupeleka mwili Vallegrande, likaulaza juu ya sinki la saruji katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, likawaita waandishi waje wathibitishe kwamba kweli amekufa. Mpiga picha Freddy Alborta alimpiga akiwa macho wazi, kifua wazi, maofisa wamemzunguka, mmoja wao akionyesha jeraha kwa kidole. Jeshi lilitaka ushahidi wa kumaliza habari. Badala yake watu wa Vallegrande, ambao ni Wakatoliki, waliona wanachokijua kutoka kanisani, na wapo hadi leo wanaomwomba kama Mtakatifu Ernesto wa La Higuera. Tarehe 18 Oktoba Havana ilifanya maombolezo katika Uwanja wa Mapinduzi, na picha kubwa mno ya Korda ikatundikwa kwenye jengo mbele ya umati. Uso wa maiti wa Vallegrande ulijibiwa kwa uso huu. Nadhani ushindi ulipatikana usiku huo, kabla ya kiwanda chochote cha fulana kuingia katika habari hii.

Kisu cha pili kilishikwa Dublin. Msanii Jim Fitzpatrick, kijana wa Kiayalandi, anasimulia kwamba alipokuwa akifanya kazi ya baa katika mji wa pwani wa Kilkee, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliingia mteja akajitambulisha kuwa ana asili ya Ireland kwa jina la ukoo la Lynch, na mteja huyo alikuwa Che aliyekuwa safarini. Kifo kile kilimkasirisha. Mwaka 1968 aliichukua picha ya Korda, akaondoa kijivu chote, akabaki na nyeusi peke yake juu ya nyekundu, nyota akaipaka rangi ya manjano kwa mkono. Alikiri pia kwamba aliyainua macho kidogo. Aliweka herufi ya kwanza ya jina lake, imegeuzwa kinyume, katika mstari wa bega, ambako ni wachache wanaoiona. Kisha akasema kila anayetaka alichukue bango bila malipo, kwa kuwa alitaka lizaane kama sungura.

Na lilizaana kweli. Naomba radhi kwa wale wasiojua kazi ya uchapaji, lakini hili lazima lisemwe na mtu aliyechafuka wino. Uso wenye kijivu ni mzigo: ukitaka kuuchapa kwenye kitambaa lazima uuvunje kuwa vidoadoa, skrini, yaani wavu wa kupitishia wino, iwe ya nyuzi za karibu, wino uwe na uzito wake, na ukikosea kidogo pua inazama shavuni. Uso wa Fitzpatrick haudai lolote kati ya hayo. Ni skrini moja, rangi moja, mpigo mmoja. Unakatika kwa wembe kwenye karatasi ngumu, unapulizwa ukutani usiku kwa sekunde kumi, unanakiliwa kutoka nakala ya nakala ya nakala na bado mtu akiwa upande wa pili wa barabara anasema ni Che. Hata mchapaji mlevi hawezi kuuharibu. Watu huandika mengi kuhusu macho yale na ndoto za vijana wa 1968, wale walioubeba Paris na Mexico, na sibishi. Ila naongeza kwamba bango hili pia lilikuwa rahisi kuliko mengine yote, na halikuwa na mwenyewe wa kudai.

Hilo la kutokuwa na mwenyewe lilikuja kugeuka. Cuba ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1997 tu, na kabla ya hapo Korda hakuwa na njia ya maana ya kudai chochote nje ya nchi yake. Katika miaka hiyo sura ilikuwa imekwisha kuuza saa, bia, hata aiskrimu huko Australia. Serikali ya Cuba nayo haikubaki nyuma: noti ya peso 3 yenye sura ya Che iliuzwa kwa watalii kama kumbukumbu, kwa bei inayozidi thamani yake. Kumbukeni kwamba Che mwenyewe, alipokuwa mkuu wa Benki ya Taifa, alitia sahihi noti kwa kuandika “Che” tu, jambo ambalo wenye mabenki waliliona kuwa dharau kwa pesa.

Mwaka 2000 Korda alifungua madai London dhidi ya wakala wa matangazo na kampuni ya picha kwa kuitumia sura hiyo kutangaza vodka ya Smirnoff. Msimamo wake ulikuwa wazi: anayelieneza bango kwa ajili ya kumbukumbu ya Che na haki za wanyonge hana ugomvi naye, lakini pombe hapana. Walimalizana nje ya mahakama, akalipwa dola 50,000, naye akazitoa zinunue dawa za watoto wa Cuba. Alifariki Paris mwaka uliofuata. Katika kesi hiyo sioni pa kumlaumu.

Lakini mwaka 2003 mrithi wake alikwenda mahakamani Paris dhidi ya Waandishi Wasio na Mipaka. Mwaka huo serikali ya Cuba ilikuwa imewafunga wapinzani 75, waandishi wakiwemo, na shirika hilo lilichapa bango lililounganisha sura ya Che na ya askari wa kutuliza ghasia mwenye kirungu, likiwakaribisha watalii katika gereza kubwa. Mahakama ilizuia bango hilo. Mimi naona hapo sheria ilitumika vibaya. Sura iliyotolewa bure ili iwapinge wenye nguvu ilifungiwa kwa hati ya hakimiliki isiipinge serikali moja yenye nguvu, na kama bango la mapinduzi haliwezi kutumiwa kuuliza habari za wafungwa, sijui linabaki na kazi gani isipokuwa kupamba. Najua wapo wenzangu humu wasiokubaliana nami, na mmoja wao anatikisa kichwa sasa hivi. Tutabishana baadaye.

Nafika kwenye malalamiko makubwa. Mwezi Januari 1959, baada ya Batista, dikteta wa Cuba, kukimbia, Che alikabidhiwa ngome ya La Cabaña, upande wa pili wa mlango wa bandari ya Havana. Humo mahakama za mapinduzi ziliwahukumu polisi, askari na watu wa utawala ulioanguka, na waliohukumiwa kifo walipigwa risasi ukutani. Che alikuwa mwenye kauli ya mwisho katika rufaa. Idadi inabishaniwa, kuanzia makumi hadi mamia, kutegemea anayehesabu na miezi anayoihesabu. Wanaomtetea husema wengi wao walikuwa watesaji na wauaji wanaojulikana, na kwamba wananchi wenyewe walidai adhabu hiyo; wanaomlaani husema kesi zilikwenda mbio, na kwamba mtu hapaswi kuuawa kwa kesi ya namna hiyo hata akiwa mwovu. Che mwenyewe hakujificha. Tarehe 11 Desemba 1964, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, alisema kwamba wamewapiga watu risasi, wanawapiga, na wataendelea kuwapiga muda wote itakapolazimu.

Mtu aliyekulia Miami, ambaye ndugu yake aliingia La Cabaña asitoke, akiliona bango hili kwenye fulana ya mtoto wa chuo anaona ukuta ule. Ndiyo maana mwaka 2012 mkuu wa kampuni ya Mercedes-Benz alipoionyesha sura hiyo jukwaani Las Vegas, nyota ya bereti ikiwa imebadilishwa kuwa nembo ya gari, Wakuba wa uhamishoni walipiga kelele hadi kampuni ikaomba radhi. Ndiyo maana Ireland ilipotoa stempu yenye bango la Fitzpatrick mwaka 2017, miaka 50 baada ya kifo, lilizuka zogo lililovuka bahari. Kejeli ni kwamba gari la kifahari liliwakera pande zote mbili, wanaompenda na wanaomchukia, ila kwa sababu ambazo haziwezi kukaa meza moja.

Nisikwepe na swali ambalo vijana wa Kiafrika huniuliza. Katika shajara ya ujana wake, alipopita Caracas mwaka 1952, Che aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi. Maneno hayo yapo, na hayana tafsiri nzuri. Miaka 12 baadaye, katika hotuba ile ile ya New York, aliukemea ubaguzi wa Afrika Kusini na wa Marekani kwa ukali ambao wajumbe wachache walithubutu kuufikia. Siku mbili baada ya hapo, tarehe 13 Desemba, Malcolm X, mtetezi wa Wamarekani weusi, aliusoma ujumbe wa Che mbele ya mkutano wa Harlem ambao mgeni wake alikuwa Abdulrahman Babu wetu, waziri wa serikali ya Tanzania. Bango halionyeshi yule kijana wa Caracas, wala halionyeshi safari aliyoisafiri akilini mwake hadi akafika hapo.

Na sasa kipande chetu. Mwezi Februari 1965 Che alikuja Dar es Salaam waziwazi, kama mjumbe wa serikali, akakutana na viongozi wa vyama vya ukombozi vilivyokuwa na ofisi hapa. Mwezi Aprili alirudi kwa siri. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa miwani, na pasipoti yake ilikuwa na jina la mtu mwingine. Alikuwa anakwenda kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo. Kutoka hapa msafara mdogo ulikwenda kwa magari hadi Kigoma, na usiku ukavuka Ziwa Tanganyika kwa boti hadi Kibamba, upande wa Kongo, ukatua alfajiri ya tarehe 24. Kwa usalama Wakuba walijipa majina ya hesabu za Kiswahili. Kiongozi rasmi, Víctor Dreke, aliitwa Moja, aliyemfuata akaitwa Mbili, na daktari mweupe aliyetajwa kuwa ni mkalimani wao aliitwa Tatu. Makamanda waliowapokea hawakujua Tatu ni nani. Alipomnong'oneza mmoja wa viongozi wa Kikongo ukweli, yule bwana alipigwa na butwaa, akawa anarudia kwamba hii itakuwa kashfa ya kimataifa na mtu yeyote asiambiwe.

Kwa hiyo mtu mwenye sura inayojulikana kuliko zote alifika katika nchi za Kiswahili akiwa hana ndevu, hana bereti, hana jina. Alifundishwa lugha yetu na kijana Mkongo, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alikwenda Cuba akawa daktari wa upasuaji wa ubongo. Aliugua malaria na pumu, aliwatibu wanavijiji, alisubiri viongozi waliokuwa Kairo au Dar es Salaam warudi vitani, alibeba mizigo mlimani. Mwezi Juni wakashambulia kituo cha kijeshi cha mahali paitwapo Bendera wakashindwa, Wakuba wanne wakafa, na shajara iliyookotwa kwa mmoja wao ikawafichulia maadui kwamba kuna Wakuba msituni. Mamluki wa Mike Hoare, waliopigana upande wa serikali, wakaja kutoka upande wa Fizi na Baraka. Tarehe 3 Oktoba, huku nyuma, Fidel aliisoma hadharani barua ya kuaga ambayo Che alikuwa ameiacha, na kwa kuisoma akamfungia mlango wa kurudi nyumbani kama mtu wa kawaida. Novemba walirudi ziwani usiku, wakavuka kuja Kigoma, wakiwaacha ufukweni Wakongo wengi waliotaka kupanda boti zisizotosha.

Miezi iliyofuata alijifungia katika chumba cha ubalozi wa Cuba hapa hapa mjini, akaandika kumbukumbu za vita hivyo. Alianza kwa kukiri kwamba hiyo ni habari ya kushindwa. Aliwalaumu wengine, tena kwa majina, lakini alijilaumu na mwenyewe: kwamba hakujifunza Kiswahili haraka, kwamba alijitenga na vitabu vyake, kwamba alikosa ujasiri wa kudai madaraka. Kurasa hizo zilikaa zimefungiwa kwa takriban miaka 30 kabla hazijachapwa, wakati sura ya bereti ilikuwa ikizunguka dunia.

Picha za Kongo zipo. Katika mojawapo amempakata mtoto, ndevu ndio kwanza zinaanza kuota. Katika nyingine ameketi kwenye nyasi pamoja na wenzake, anasoma. Zimejaa kijivu. Ukizikata pembeni hazibaki na maana, kwa sababu mtoto, nyasi na wale wenzake ndio picha yenyewe. Hakuna aliyezifanya fulana, na kama mchapaji naelewa kwa nini. Lakini nikiulizwa na mwanafunzi, kama nilivyoulizwa mara nyingi, iwapo ni halali kulichapa bango la Che, jibu langu ni kwamba mimi ningelichapa, si kwa pombe wala kwa gari, na mteja kutoka Miami akinitaka niandike chini yake “La Cabaña” ningemwandikia kwa wino ule ule. Kwa mteja wa hapa nyumbani ningependekeza filamu kamili ya Korda, Masetti akiwemo, au ile ya Kongo. Ningemtoza zaidi, maana ni skrini nyingi.

Mheshimiwa mwenyekiti, muda wangu umekwisha na yule mwenzangu aliyekuwa akitikisa kichwa amekwisha kunyoosha mkono. Naomba aanze yeye.